Kilo 39 zilitoka na hazijarudi, lakini nimekuja kuwaambia kuhusu daftari la mama

Wakuu, habari za jioni. Naandika kutoka Kenyenya, kwenye chumba ninachokodisha nyuma ya soko. Mvua imenyesha tangu saa nane na stima inaenda ikirudi, kwa hivyo mkiona nimekatika katikati msidhani nimekimbia.

Haya yamenipata mimi mwenyewe. Sijaongeza chumvi, na palipo na aibu, aibu ni yangu.

Wiki jana kuna mtu aliuliza hapa kama kuna yeyote aliyepunguza mwili na mwili usirudi. Wengi mkamjibu kwamba hiyo haipo, kwamba kila mtu hurudi pale pale na riba juu.

Ipo. Nilikuwa kilo 121. Nikafika 82. Huu ni mwaka wa nne niko hapo, nikipanda ni kilo mbili, nikishuka ni mbili.

Nitawaambia nilivyofanya, kwa sababu nikinyamaza mtanijaza inbox. Lakini sikuja kujigamba. Nimekuja kwa sababu ya mama yangu, ambaye leo hii analishwa kwa kijiko cha chai, na nikitafuta wa kulaumu sioni mwingine ila mimi.

Kwanza mnijue kidogo.

Mimi ni karani. Kazi yangu ni kukaa. Nyumbani ni Manga, kule juu kwenye mlima, na huko ndiko anakoishi mke wangu Nyaboke, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, pamoja na watoto. Mama yuko boma hilo hilo. Jiko lake liko hatua chache kutoka mlango wangu. Mimi hupanda nyumbani Ijumaa jioni na kushuka Jumatatu alfajiri.

Baba alikufa na sukari. Kabla ya kufa walimkata mguu mmoja, na nilikuwa mimi niliyetia sahihi.

Sasa, nikiwa na zile kilo 121, tulienda kwa wakwe zangu Nyaramba kupeleka mahari. Waliooa kwetu wanajua heshima iliyopo kati ya mtu na mama mkwe wake. Hamkai karibu, hamtaniani, hata chakula hamli mkitazamana. Nikapewa kiti cha plastiki, nikakaa kwa adabu zote. Miguu ya kiti ikafunguka pande nne, na mimi nikaenda chini na sahani ya matoke kifuani, mama mkwe akiwa mbele yangu kabisa.

Alijifunika uso kwa leso akatoka nje. Nyaboke aliniambia baadaye kwamba alienda nyuma ya nyumba kucheka hadi akakaa chini.

Hilo ningelisahau. Lakini mwezi huo huo nikapimwa damu kwa sababu ya kizunguzungu, na muuguzi akaniambia sukari yangu iko mlangoni inabisha. Nikaona ule mguu wa baba. Siku hiyo nilirudi ofisini kwa miguu.

Nilivyofanya ni hivi, na msitarajie uchawi.

Ugali wa wimbi, ule tunaouita obokima, nilikuwa nakula wa watu watatu. Nikapunguza hadi wa ngumi moja. Mboga ndiyo ikawa chakula na ugali ukawa kitoweo: chinsaga (mgagani), managu (mnavu), maharagwe, omena (dagaa). Chai nikaacha sukari, na wiki mbili za kwanza nilikuwa nanunia kila mtu. Nilianza kutembea kwenda kazini na kurudi. Wikendi nikawa nashuka kile kijia cha mlima wa Manga na kukipanda tena, na wenye boda walikuwa wananisimamia wakidhani nimeishiwa nauli.

Sikwenda gym hata siku moja. Sikunywa dawa wala ile chai wanayouza kwa simu.

Kuhusu kuweka kilo zisirudi, ambapo ndipo wengi mnaangukia: mwaka wa pili tangu nianze, kabla ya hii minne, nilirudisha kilo tisa. Nilikuwa nimeacha kujipima kwa sababu nilidhani nimemaliza. Hakuna kumaliza. Nilinunua mizani ya nyumbani na daftari la shule, nikalitundika kwa kamba nyuma ya mlango kule Manga. Kila Jumamosi asubuhi, kabla ya chai, napanda mizani, naandika. Nikiwa nimeshuka au nimebaki palepale naweka tiki. Nikiwa nimepanda siweki kitu, na wiki hiyo najibana. Hiyo tu ndiyo siri. Inachosha, haiishi, na nitaifanya hadi nife.

Hapo ndipo wengi mngependa uzi uishe. Mnaweza kuishia hapo.

Turudi nyuma kidogo, mwezi wa tano au wa sita tangu nianze, nilipokuwa nimeshuka hadi tisini na kitu. Kwetu mtu mnene akikonda hakuna anayempongeza. Ofisini waliacha kula karanga kwenye bakuli moja na mimi. Kanisani watu walinisalimia kwa sauti ya matanga.

Jumamosi moja nikiwa nimekaa kwangu nikasikia nyimbo. Mama alikuwa ameleta akina mama wa kikundi chao cha kanisa la Sabato, kama kumi na wawili hivi, na vitambaa vyao kichwani. Walijaa sebuleni. Mkubwa wao, Mama Kwamboka, ndiye aliyemshika mama mkono siku ya kumzika baba na ni jirani yetu wa mpaka mmoja. Akaniwekea mkono begani akaanza kuomba Nyasae, yaani Mungu wetu, aondoe ugonjwa unaonikausha.

Nilimkatiza katikati ya maombi.

Wakuu, nilisema maneno. Niliwaambia kukonda si ugonjwa. Niliwaambia wao wakiona mtu amepungua kazi yao ni kuanza kumchimbia kaburi, na kwamba baba alikufa kwa sababu kila mtu alimsifu kwa kitambi chake. Nikawaambia kuanzia siku hiyo waache kuangalia miili ya watu, kila mtu ashughulike na wake.

Mama Kwamboka aliuondoa mkono wake polepole. Wakatoka bila kunywa chai, na kwetu mgeni kutoka hivyo ni jambo kubwa. Mama alibaki mlangoni, uso ameuinamisha.

Jioni alinitumia bakuli la chinsaga iliyolazwa na maziwa, bila ugali kando yake. Hiyo ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuniletea chakula bila ugali, na nikaelewa kwamba amenikubali. Niliona nimeshinda.

Na kweli nilishinda. Miaka ilivyopita na mimi sikufa, watu wakaanza kuja. Pale kijijini nikawa daktari wa vitambi. Nilifungua group ya WhatsApp, tukafika watu zaidi ya sitini, wengine Kisii mjini, wengine hata hawanijui. Nikiwaambia ugali wa ngumi moja wanatuma picha ya ngumi na ugali. Kichwa kilinivimba, siwezi kukataa.

Samahani, stima ilipotea. Naendelea.

Mwaka jana, kama mwezi wa nne, nilifika nyumbani nikaona gauni la mama linamning'inia mabegani. Mama alikuwa mwanamke mwenye mwili. Nikamwambia, mama umepungua.

Akacheka. Mimi nimepewa jina la baba yake, kwa hivyo ananiita tata, ambalo kwa Kikisii ni baba. Akasema, "Nimekufuata wewe, tata. Ugali nimeacha."

Sijui kama mnaelewa nilivyosikia. Mtu aliyeniletea kanisa zima kuniombea, leo ananiambia amenifuata. Nilimshika mkono nikampeleka kwenye mizani. 84. Nikamfungulia ukurasa wake kwenye lile daftari, nikaandika "Mama" juu na kupiga mstari chini yake.

Wiki mbili baadaye ilikuwa 82. Nikaweka tiki. Akauliza hiyo alama ni ya nini, nikamwambia ni ya mtu aliyefanya vizuri. Mama hakusoma sana. Nadhani hiyo ndiyo ilikuwa tiki yake ya kwanza maishani.

81. Tiki. 79. Tiki. 76. Tiki, na hapo nilimpiga picha akiwa amesimama juu ya mizani, nikaituma kwenye group, watu wakajaza makofi.

Nilimfundisha. Hiki ndicho kinachonimaliza, kwamba nilimfundisha. Nilimwambia atafune polepole, na nikamwona anatafuna polepole sana. Nilimwambia anywe maji katikati ya chakula, na nikamwona kila akimeza tonge anasukumia na maji. Nikasema angalieni mwanafunzi.

Akaacha matoke. Akabaki na uji. Nami nikamwambia, mama, uji nao una wanga, na hiyo sukari unayotia ndiyo iliyomwua baba. Punguza uwe kikombe kimoja.

Alikuwa anakunywa uji kwa sababu ndicho kitu pekee kilichokuwa kinapita, na mimi nikampunguzia.

Nyaboke aliona kabla yangu. Yeye yuko naye kila siku. Usiku mmoja wa Ijumaa, nikiwa ndiyo nimefika, aliniambia, "Baba watoto, mama anakohoa akikula. Na amekonda vibaya. Si kama wewe ulivyokonda."

Nikamwuliza kuna kukonda vizuri na kukonda vibaya?

Akasema, "Iko. Wewe ulikuwa na nguvu. Yeye anapumzika akitoka jikoni kuja hapa."

Nikamwambia naye amejiunga na wale wa vitambaa. Nyaboke si mtu wa kelele. Alichukua vitabu vya wanafunzi akaanza kusahihisha, na hatukuzungumza tena habari hiyo. Ilikuwa mwezi wa nane. Naukumbuka kwa sababu ya daftari: 71, tiki.

Mwezi wa kumi na mbili watu wote walikuwa nyumbani kwa Krismasi. Tulichinja. Mama alikaa na sahani yake akiigusagusa, akaondoka mapema akisema anaenda kuangalia kuku. Baada ya muda nilienda kumwita apigwe picha na wajukuu.

Nilimkuta nyuma ya jiko, amepiga magoti chini ya migomba, ameshika shina kwa mkono mmoja. Alikuwa anatema mchuzi. Mchuzi tu, hata nyama hakuwa ameigusa. Pale chini palikuwa na majivu ya kufukia, mengi, ya siku nyingi. Alikuwa na mahali pake.

Nikamwuliza, mama, hii imeanza lini?

Akajifuta mdomo. Akasema, "Tangu ile siku ulinipima, tata. Hata kabla."

Nikamwuliza mbona hukuniambia. Alisema, "Ulikuwa umefurahi sana."

Wakuu, nimeandika mistari hiyo nikasimama dirishani kidogo. Tuendelee.

Tulimpeleka Kisii mjini, hospitali siitaji kwa kuwa hawana kosa lolote. Wakampitisha kamera kooni. Daktari alikuwa kijana, mpole, wa umri wa ndugu yangu mdogo. Alinichora kwenye karatasi: hii ndiyo njia ya chakula, na hapa kuna uvimbe, umebakisha nafasi ya kupita uji mwepesi tu. Akaniuliza mgonjwa amekuwa akipungua kwa muda gani, na kama ninaweza kukadiria ni kilo ngapi.

Nilikuwa na lile daftari kwenye mfuko. Sijui kwa nini nililibeba. Nadhani kwa mazoea.

Nikampa.

Alisoma ukurasa wote kwa kidole. Kila wiki mbili, kwa kalamu ya buluu, kuanzia 84 hadi 58, na kuanzia ya pili, pembeni ya kila namba tiki. Akafungua kurasa za nyuma, zile zangu, akaona ni maandishi ya mkono mmoja. Akaniuliza, "Hizi alama ni za nini?"

Nikasema ni za mtu aliyefanya vizuri.

Alilifunga akanirudishia kwa mikono miwili, kwa heshima, na ningependa angenitukana. Baadaye nilipomfuata koridoni nikamwuliza, kama tungekuja mwezi wa sita? Alisema mwezi wa sita wangekuwa na mambo mengi ya kujaribu. Sasa wangemwekea mrija mdogo pale ndani ili aweze kumeza, na dawa ya maumivu, na twende naye nyumbani.

Kwa hivyo tuko nyumbani. Mrija upo. Hamalizi kikombe.

Habari ilipofika kijijini, Mama Kwamboka alikuja. Alikuja peke yake, bila nyimbo, akakaa na mama kutwa nzima akimchua miguu. Jioni nilimsindikiza hadi kwenye mpaka wa shamba. Nikamwambia, mama, samahani kwa ile siku. Na nikamwuliza kitu kilichokuwa kinanikereketa: ninyi mlikuwa naye kila Jumamosi kanisani, hamkuona?

Akasema, "Tuliona mwezi wa tano. Tulikaa kikao, tukataka kukuja. Lakini ulitukataza kuangalia miili ya watu, na tukasema huyu kijana amesoma, na mwenyewe alikonda na hakukufa. Tukaona tusirudi kufundishwa tena."

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa ananijibu swali. Akavuka mpaka akaenda kwake.

Mimi nilikaa pale chini kwenye majani hadi giza likaingia. Nilikuwa nimechukua kitu kimoja ambacho watu wetu walikuwa wanakijua, kwamba mwili ukipotea uliza, nikakiita ujinga, nikakizima. Kwangu kilikuwa kimekosea. Kwa mama kingekuwa sahihi, na hakuna aliyethubutu kukitumia.

Ile group niliifunga. Watu wamenipigia simu wakiuliza kama nimenenepa tena naona aibu. Sijanenepa. Jumamosi nilikuwa 78, chakula hakinishuki, na wenzangu ofisini wananiuliza siri.

Somo langu, kwa aliyefika hapa. Punguzeni mwili, haswa wenye sukari kwenye ukoo, sitageuka nikawaambia vinginevyo. Lakini mtu wako akianza kupungua, hata kama anakwambia ni diet, kaa naye mezani. Mwangalie akimeza. Mpe kitu anachokipenda uone kama anakikataa au kinamkataa. Aliyejinyima anapoona nyama macho yanamwaka. Mama yangu alikuwa anaiangalia nyama kwa woga, na mimi nilikuwa nimekaa mkabala naye nikihesabu matonge.

Na ukiona jirani anadhoofika, enda, hata kama atakufukuza. Kufukuzwa hakuui.

Waliowahi kuuguza mtu mwenye mrija wa kooni, nawaomba. Ni nini kingine laini kinachopita zaidi ya uji, maziwa na parachichi la kupondwa? Maji ya maharagwe anayatapika. Kama kuna kitu kiliwasaidia, kiandikeni hapa chini, hata kama mnaona ni kidogo. Wenye matusi pia andikeni, nitasoma yote.

Jumamosi iliyopita mama aliomba apimwe. Sikutaka. Alisema amezoea. Nyaboke akamshika upande mmoja na mimi upande mwingine, tukampandisha, kisha tukaachilia kidogo tu. 44.

Miwani yake haimwonyeshi namba siku hizi. Akaniuliza, "Imesema nini?"

Nikamwambia imepanda kidogo, mama. Ni uongo wangu wa kwanza tangu ninunue mizani hiyo.

Akafurahi. Tukamrudisha kwenye kiti, nikachukua daftari nikaandika namba, nikalifunga. Akaninyooshea kidole, kile kidole kimebaki ngozi, akasema kwa ile sauti yake iliyobaki, "Tata, hujaniwekea ile alama."

Nikalifungua nikamwekea.